Ile Hela Tuma Namba Hii

Mwaka 2014 nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Musoma na tawi dogo Bunda. Tawi hilo nilimwachia binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne, mwaminifu na mwepesi wa hesabu. Siku moja nilikwenda msibani Butiama. Nilimwambia kwamba nikishaelewana na mwenye saruji nitamtumia namba ya kulipia.

Saa nane mchana ujumbe ukaingia kwenye simu ya duka: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hapakuwa na salamu wala jina. Binti akatuma shilingi 780,000. Nilipomtumia namba yenyewe jioni, fedha zilikwisha kutolewa na namba ya mwizi haipatikani.

Mwizi yule hakunijua mimi wala saruji yangu. Ujumbe kama huo walitumiwa watu wengi nchi nzima. Ni kama kokoro hapa ziwani: anayelivuta hamjui samaki hata mmoja, anajua tu kwamba ziwa halikosi samaki.

Nilimkata binti mshahara kwa miezi minne, nikajiona mwenye haki.

Ndugu msomaji, nchi yetu imejenga kuta nyingi dhidi ya hatari za mashine hizi. Mwaka 1974, mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere, akiwa Ikulu, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mpango wa kuweka hesabu za serikali katika mashine hizo kwenda mrama. Ukuta huo haukudumu. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania, na fedha zikaanza kusafiri mfukoni mwa kila mtu. Mwaka 2015 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mwaka 2019 tukapanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole. Kuta hizo zina kazi yake, wala sizibezi. Lakini mwizi wangu hakuvunja ukuta. Alibisha hodi, akafunguliwa.

Kwa nini alifunguliwa? Nilikuja kujua siku binti alipokuja kuaga, amepata kazi Mwanza. Nikamuuliza kwa nini siku ile hakunipigia, maana simu nilikuwa nayo mfukoni. Akainama.

"Mzee, niliogopa. Wiki ya nyuma nilikupigia ukiwa na wageni, ukanigombeza kwamba siwezi kuamua hata jambo dogo."

Nilikumbuka. Niliyasema mbele ya wateja. Nilimrudishia fedha zote nilizomkata, naye akazipokea kwa mikono miwili bila kusema neno. Sijui kama alinisamehe.

Tangu hapo duka langu lina kanuni moja: fedha haitoki kwa maandishi matupu. Piga simu kwa namba tuliyoizoea, si ile iliyokuja na ujumbe, usikie sauti ya mtu. Hata nikiwa kaburini, nipigie. Na anayeuliza hagombezwi.

Miaka michache baadaye ikaja barua pepe yenye jina la muuzaji wetu wa mabati, ikisema akaunti yake ya benki imebadilika. Anwani ilitofautiana na ile ya zamani kwa herufi moja tu. Kijana wangu wa hesabu alinipigia nikiwa kwenye kikao cha harusi. Tukamuuliza muuzaji, akasema hajabadilisha chochote.

Wasomi na matajiri nao hawakusalimika. Kati ya 2013 na 2015, mtu mmoja wa Lithuania alizituma kwa Google na Facebook ankara za uongo kwa jina la kampuni iliyokuwa ikiwauzia vifaa. Wakamlipa zaidi ya dola milioni 100. Wenye kompyuta hizo zote walinaswa kwa njia ile ile iliyomnasa binti wa Bunda.

Mimi sikumkata mwizi hata senti. Nilimkata aliyeniogopa.