Daawa Iliyovuka Bahari

Katikati ya mwaka 1955, mtu aliyefika Musoma, mji uliokaa juu ya rasi ya mawe inayoingia ziwani, angeweza kumkuta mwalimu mmoja kijana, aliyekwisha kuacha kazi yake ya shule, akimfundisha Kizanaki padri wa Kimarekani wa shirika la Maryknoll, Arthur Wille, na kumsaidia kufasiri maneno ya dini katika lugha hiyo. Na kama mgeni huyo hakuambiwa, asingetambua kuwa mwalimu yule, mwana wa Mtemi Burito wa Butiama, miezi michache tu nyuma alikuwa amesimama New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akiyasema mbele ya dunia mambo ambayo serikali iliyotawala nchi yake haikupenda yasemwe hata Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Jina lake Julius Kambarage Nyerere. Naanza na Musoma, wala sianzi na New York, kwa sababu taarikhi yetu imezoea kuitazama safari ile kama ushindi uliokwenda moja kwa moja hadi uhuru, ilhali aliyesafiri alirudi, akabaki hana mshahara, akaja kwao, akakaa, akangoja hadi Oktoba ndipo aliporejea Dar es Salaam kukitumikia chama chake, TANU, kwa siku zake zote.

Swali ninalotaka kulipima katika makala hii ni hili: chama cha siasa kinapoona wananchi wanadhulumiwa nyumbani, kikavuka mipaka kwenda kuomba wageni wasikilize, je, kinaisaliti nchi au kinaitetea? Nimelisikia likiulizwa kwa ghadhabu mara nyingi, hasa nyakati za uchaguzi, na aghalabu wanaouliza huwa wamekwisha kutoa hukumu kabla ya ushahidi. Ushahidi wenyewe haupo mbali. Upo Butiama.

Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya, wala nchi ya himaya kama Zanzibar, ilikuwa amana. Waingereza walikabidhiwa kuilea mwaka 1922 chini ya Shirikisho la Mataifa, na baada ya Vita vya Pili amana hiyo ikaingia mikononi mwa Umoja wa Mataifa, ambao Mkataba wake, katika Ibara ya 87, uliliruhusu Baraza la Udhamini kupokea malalamiko ya wenyeji na kutuma wajumbe kuja kutazama kwa macho yao. Jirani zetu wa Kenya na Zanzibar hawakuwa na mlango huo. Jomo Kenyatta, alipotumwa London na chama cha Wakikuyu mwaka 1929 kulalamikia ardhi, alikwenda kumshitaki mtawala kwa mtawala yule yule. Mtanganyika aliweza kumshitaki kwa mtu wa tatu, na hiyo ndiyo tofauti kubwa baina ya ombi na daawa.

Wa kwanza kuupita mlango huo kwa mdomo wake hakuwa mtu wa Mara, bali Mmeru. Mwezi Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, ng'ambo ya Mlima Meru, ili mashamba yao yapewe walowezi. Nyumba zikachomwa, mifugo ikatawanyika. Wameru wakachangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet mwaka 1952 hadi New York pamoja na wakili wao Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Katika Baraza Kuu waliounga mkono hoja yao walikuwa wengi kuliko walioipinga, lakini hawakufika theluthi mbili, na ardhi haikurudi. Kwa hesabu ya dukani walipata hasara. Lakini Japhet alirudi akazunguka nchini akisimulia aliyoyaona na aliyoyasema, na watu ambao hawajapata kumwona Mmeru maishani mwao wakajifunza kwamba madhila ya wilaya moja yanaweza kuwa shitaka la nchi nzima. Somo hilo TANU, iliyoasisiwa tarehe 7 Julai 1954, ililirithi likiwa bado moto.

Mwaka huo huo wajumbe wa Baraza la Udhamini walizuru Tanganyika, na mmoja wao, Mason Sears wa Marekani, aliwasikiliza Waafrika kwa makini yaliyomchukiza Gavana Twining. Ripoti yao ilisema nchi ingeweza kujitawala katika muda wa miaka 20 hadi 25. Serikali ikapinga, TANU ikaona ni lazima pawe na mtu wa kuitetea ripoti hiyo mbele ya Baraza lenyewe. Nauli ikatafutwa: wanachama wakatoa walichokuwa nacho, na John Rupia na Dossa Aziz wakawa mstari wa mbele. Nyerere aliposema tarehe 7 Machi 1955, hakuomba jeshi, wala fedha, wala vikwazo. Hakuomba hata uhuru wa kesho. Aliomba itamkwe bayana kuwa Tanganyika ni nchi ya Waafrika kwanza, ijapokuwa wa asili nyingine wanayo haki ya kuishi humo, na kwamba muda wa kujitawala ujulikane. Kwa maombi hayo ya upole Wamarekani walimwekea sharti asitoke nje ya mitaa michache iliyolizunguka jengo la Umoja wa Mataifa, wala asikae zaidi ya saa 24 baada ya kusema. Serikali kuu mbili zilimwogopa mwalimu wa shule ya Pugu kwa sababu ya maneno tu, nami sijapata kuona ithibati bora kuliko hiyo ya nguvu ya ushahidi unaotolewa hadharani.

Aliporudi, umati ulimpokea Mnazi Mmoja, waajiri wake wakamtaka achague ualimu au siasa, akajiuzulu. Ndipo alipokuja Musoma.

Na huku kwao hali ilikuwaje? Musoma ilikuwa ndani ya Jimbo la Ziwa, ambako tangu mwishoni mwa mwaka 1954 serikali iliinyima TANU idhini ya kufungua matawi katika sehemu kubwa ya jimbo, na zuio hilo likadumu miaka minne. Watu kama Bhoke Munanka, mwana wa Mara aliyefanya kazi ya siasa Mwanza, walijenga chama kisichoruhusiwa kuwapo, kwa kupitia vyama vya ushirika vya pamba na mazungumzo ya usiku. Mwaka 1958 Nyerere aliandika katika Sauti ya TANU akiwalaumu mabwana shauri, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni, kwa kuonea watu, naye akashitakiwa kwa kashifa. Kati ya mabwana shauri waliolalamika mmoja alikuwa wa Songea, na mwingine wa hapa hapa Musoma. Wakili aliyekuja kumtetea alikuwa Mwingereza, D. N. Pritt, yule yule aliyemtetea Kenyatta Kapenguria. Mahakama ilimtia hatiani, ikamtoza faini ya shilingi 3,000, naye akalipa badala ya kwenda jela. Kwa hiyo kiongozi wa chama alisimama kizimbani kwa dhuluma iliyodaiwa kufanyika nyumbani kwao, akitetewa na mgeni, ilhali tangu mwaka 1955 alikuwa amekwisha kurudi tena New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, Desemba 1956 na tena mwaka 1957. Hakuna aliyethubutu kumwita msaliti, ila Waingereza.

Tarehe 26 Juni 1959, katika ukumbi wa Holborn, London, Nyerere na Padri Trevor Huddleston walikuwa miongoni mwa wasemaji wa mkutano ulioanzisha mgomo wa kutonunua bidhaa za Afrika Kusini. Hapo daawa ilibadilika sura. Chama cha ANC cha huko kiliwaomba watu wa nchi nyingine waiumize kiuchumi serikali iliyowatawala, kwa kujua kwamba maumivu hayo yangewafikia na Waafrika wenyewe. Na Nyerere akalikubali ombi hilo bila kusita. Baada ya uhuru Dar es Salaam ikawa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) tangu mwaka 1963, na vyama vya Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini vikafanya huku kwetu kile kile TANU ilichokwenda kufanya New York. Mwalimu akaenda mbele zaidi ya wenzake: Aprili 1968 aliitambua Biafra kwa sababu ya mauaji ya Waibo, na mwaka 1975 alikataa kwenda Kampala, ambako OAU ilikutana chini ya uenyekiti wa Idi Amin, kwa kuwa aliona aibu Waafrika kulaani mauaji yanayofanywa na mzungu na kunyamazia yanayofanywa na mweusi. Rai yake ilikuwa kwamba mpaka wa nchi si pazia la kufichia damu.

Lakini insafu inatulazimu kusema na upande wa pili, tena bila kuupunguza uzito. Sheria ya kuweka watu kizuizini ilipitishwa mwaka 1962, na tangu mwaka 1965 chama kilikuwa kimoja. Abdulrahman Babu, aliyekuwa waziri, alikaa kizuizini kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, na waliomwandikia barua na kumtetea walikuwa Amnesty International, watu wa mbali wasiokuwa na kura katika nchi hii. Mtu aliyenufaika kwa sikio la kigeni alikuwa sasa ndiye anayeandikiwa barua na wageni. Nalieleza hili kwa masikitiko, maana nampenda Mwalimu. Ila kumpenda hakunipi ruhusa ya kuificha sehemu ya taarikhi yake.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na daawa ya kuvuka bahari ikarudi navyo, mara hii kutoka visiwani. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995, ambao chama cha upinzani cha CUF hakikuyakubali matokeo yake, wafadhili waliikatia Zanzibar misaada. Wanachama 18 wa CUF wakawekwa ndani kwa shitaka la uhaini tangu 1997. Na Jumuiya ya Madola, chini ya Emeka Anyaoku, ikasimamia Muafaka wa kwanza baina ya CUF na CCM, chama tawala kilichoirithi TANU, mwaka 1999. Haukushika. Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi Pemba na Unguja, watu zaidi ya 30 wakafa, na zaidi ya 2,000 wakavuka kwa mashua hadi Shimoni, pwani ya Kenya. Kwa mara ya kwanza nchi iliyowapokea wakimbizi wa mataifa yote ilikuwa inatoa wakimbizi wa kisiasa. Tume iliyoundwa kuchunguza iliongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita, ambaye kwa miaka 20 alikuwa Katibu Mtendaji wa ile Kamati ya Ukombozi. Mtu aliyetumia umri wake kuwasikiliza waliokimbia dhuluma za wengine aliwasikiliza sasa Wapemba.

Hapa ndipo Butiama inapoingia tena. Mwishoni mwa Machi 2008, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana katika kijiji hicho, karibu na kaburi la Mwalimu la Mwitongo, kuyazingatia mazungumzo ya CCM na CUF kuhusu kugawana madaraka Zanzibar. Iliamua kwamba jambo hilo lipelekwe kwanza kwa wananchi kwa kura ya maoni. CUF, iliyodhani mazungumzo yamekwisha na kilichobaki ni sahihi, ililikataa. Mwezi Mei wazee wa Pemba wakapeleka waraka katika ofisi ya Umoja wa Mataifa, Dar es Salaam, wakiomba kisiwa chao kiwe na dola yake. Baadhi yao wakakamatwa, kisha wakaachiwa. Siiungi mkono haja yao, kwani kuugawa muungano ni jambo lingine kabisa. Lakini kitendo chenyewe, cha mwenyeji kuchukua karatasi na kuipeleka kwa mtu wa tatu, ni kile kile cha Kirilo Japhet, na polisi waliowafuata walitumwa na serikali ya chama kilichozaliwa kwa kitendo hicho. Kura ya maoni ilifanyika hatimaye Julai 2010, Wazanzibari asilimia 66 wakakubali, na serikali ya umoja ikaundwa. Haikutibu yote: uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015 ulifutwa, na Machi 2016 Marekani ikasimamisha msaada wa dola milioni 472 wa shirika lake la misaada la MCC, hasara iliyomfika mwanakijiji aliyengoja umeme, asiyepata kufuta kura ya mtu.

Kwa sababu hiyo nachora mstari. Kuomba ushahidi na kuomba adhabu si mamoja. La kwanza ni haki ya kila anayedhulumiwa, la pili halina budi kuombwa na wale watakaoumia, kama Waafrika Kusini walivyoomba. Na lipo la tatu, lililo bora kuliko yote mawili, nalo ni mahakama. Watu wa Bunda wanalikumbuka: uchaguzi wa ubunge wa mwaka 1995, baina ya Joseph Warioba na Stephen Wasira, ulipobishaniwa, daawa ilikwenda katika mahakama zetu wenyewe, matokeo yakabatilishwa, wala hapakuwa na haja ya kumwita mgeni. Mlango wa nyumbani ukiwa wazi, nani atakwenda kubisha kwa jirani? Mchungaji Christopher Mtikila wa Democratic Party alibisha nyumbani kwa miaka mingi kuhusu mgombea binafsi, haki ambayo Mwalimu naye aliitetea. Aliposhindwa alikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo tarehe 14 Juni 2013 ikampa ushindi. Hukumu hiyo haijatekelezwa. Novemba 2019 serikali ilitoa taarifa ya kuliondoa tamko lake la mwaka 2010 lililowaruhusu wananchi na mashirika kuishitaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Mwenye shitaka amebakiwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, upande wa pili wa Afrika.

Mahakama yenyewe iko Arusha. Basi linaloondoka Musoma alfajiri hupita Bunda, likaingia Serengeti, na kabla jua halijazama abiria wake wameshuka Arusha. Ni safari ya siku moja, isiyohitaji viza wala michango ya akina Rupia. Mwana wa Butiama mwaka 1955 alivuka bahari akakuta wanaomngoja. Abiria wa leo, akishuka na hati yake mkononi, atalikuta jengo, atawakuta na majaji, lakini hawana ruhusa ya kuipokea.