Ziara na ukaguzi

Mgeni wa ziara hupokewa, akaonyeshwa anachoonyeshwa, akaaga. Mkaguzi huja na mamlaka: hufungua mlango autakao, hupima, huhesabu, kisha huandika ripoti. Juu ya tofauti hiyo Marekani na Israeli zilivutana miaka ya 1960 kuhusu kinu cha nyuklia cha Dimona, kilichojengwa kwa msaada wa Ufaransa katika jangwa la Negev na kuelezwa kuwa cha utafiti wa amani.

Wanasayansi wa Marekani waliingia Dimona mara ya kwanza Mei 1961. Israeli ilishikilia kwamba hizo ni ziara, kwa kuwa kukubali ukaguzi kungekuwa kukiri kwamba dola nyingine ina haki juu ya kinu chake. Julai 1963 Rais Kennedy alimwandikia Waziri Mkuu Levi Eshkol akitaka wataalamu waingie mara mbili kwa mwaka. Waliendelea kwenda takriban mara moja kwa mwaka, wakitembezwa na wenyeji, hadi 1969 safari hizo zilipokoma. Neno lililochaguliwa ndilo lililoweka mipaka ya macho yao.

Magazeti yetu yamezoea kuandika “ziara ya ukaguzi”, hata kiongozi anapokwenda kutazama daraja tu. Katika habari za nyuklia mseto huo unapotosha, na upotoshaji wa hapo ni hatari. Wahariri, ulizeni kwanza: aliyeingia alikuwa na haki ya kufungua mlango uliofungwa? Kama hakuwa nayo, andikeni ziara.