Gando la Kaa na Njaa ya Chuma

Huenda umewahi, msomaji, kuuona mchungwa ambao majani yake machanga yamegeuka manjano, ilhali vishipa vyake vimebaki kijani. Mti huo una njaa ya chuma, nayo ni njaa ya ajabu, kwa maana udongo mwingi umejaa chuma. Hata wekundu wa udongo watokana na kutu yake. Lakini kutu haiyeyuki majini, na mzizi hauwezi kunywa kisichoyeyuka. Pasipo chuma jani haliifanyi rangi yake ya kijani, na pasipo rangi hiyo mti haujipikii chakula.

Mfaransa Eusèbe Gris aliigundua dawa katika miaka ya 1840. Aliyapaka majani ya manjano maji yenye chumvi ya chuma, nayo yakarudi kijani. Hata hivyo, chumvi hiyo ikitiwa katika udongo wenye chokaa hugeuka kutu upesi, na fedha za mkulima zimepotea. Basi kwa miaka mia moja dawa ilijulikana, bali njia ya kuifikisha mzizini ilikuwa taabu.

Njia ilitoka mahali pasipotazamiwa. Huko Ujerumani, mwaka 1935, mkemia Ferdinand Münz alitafuta kitu cha kutumika badala ya asidi ya ndimu katika kazi ya kutia nguo rangi, maana asidi ile ilinunuliwa ng'ambo. Akapata asidi iitwayo EDTA. Hiyo hukikumbatia chuma pande zote kama kaa ashikavyo kwa magando yake, kikabaki kimeyeyuka. Ndiyo sababu vitu vya namna hii huitwa kelati, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya gando.

Mwaka 1952 Ivan Stewart na C. D. Leonard, wa Florida, Marekani, walitangaza kwamba chuma kilichoshikwa na EDTA kimeirudishia kijani michungwa yao. Tazama kichekesho hiki: kitu kilichotafutwa ili watu waache kununua asidi ya ndimu ndicho kilichoyaponya machungwa!

Kiwandani EDTA huchanganywa na chumvi ya chuma katika maji, kisha hukaushwa, ukapatikana unga wa manjano. Lakini mchanga wa Florida ulikuwa na uchachu. Penye chokaa nyingi, gando hukiachia chuma likaishika chokaa. Kwa udongo huo wakemia walitengeneza, katika miaka hiyo hiyo ya 1950, kelati yenye nguvu zaidi, EDDHA, ambayo maji yake ni mekundu kama damu. Bei yake ni kubwa, kwa hiyo wanaoinunua hasa ni wenye mashamba ya matunda. Mwenye shamba la nafaka huona afadhali atafute mbegu inayoistahimili chokaa.