Uondoaji wa Bwawa: Hesabu Isiyoishia Ukutani

Kwa Kiswahili, bwawa ni maji na ni ukuta pia. Anayetaja Bwawa la Mtera huenda anasema juu ya kingo inayozuia mto, au juu ya ziwa wanamovua wavuvi. Utata huo hausumbui mtu mpaka bwawa lichakae na mwenye nalo atake kuachana nalo. Hapo wengi watasema "ubomoaji wa bwawa". Istilahi inayostahili ni uondoaji wa bwawa, na ushahidi wake umo katika fedha.

Mto Elwha, katika jimbo la Washington nchini Marekani, uliwekewa mabwawa mawili ya umeme, moja likakamilika mwaka 1913 na jingine 1927. Hayakuachiwa njia ya samaki. Salmoni wakashindwa kupanda mto kwenda kutaga, na Waklallam wa Elwha ya Chini, wenyeji wa asili wa huko, wakapokonywa riziki ya mababu zao. Kati ya 2011 na 2014 kuta zote mbili zilitolewa, mmojawapo ukiwa na kimo cha mita 64.

Mkataba wa kuzivunja ulikuwa wa takriban dola milioni 27. Mradi mzima uligharimu kama milioni 325.

Fedha nyingine zilikwenda wapi? Serikali ilikwisha kuyanunua mabwawa hayo kwa karibu milioni 30. Ikajenga mitambo ya kusafisha maji ya mji wa Port Angeles, kwa kuwa mashapo yaliyolala nyuma ya kuta kwa miongo mingi yangeteremka na mto. Matuta ya kuzuia mafuriko yaliinuliwa, na miche ikapandwa penye tope lililoachwa wazi. Hata ukuta mrefu haukuangushwa kwa mkupuo: ulipunguzwa hatua kwa hatua, kazi ikisimama kila ilipobidi ili samaki wapite na mto upate nafasi ya kubeba mashapo yake. Neno "ubomoaji" haliwezi kubeba yote hayo.

Kwenye mto Klamath, mpakani mwa Oregon na California, swali lilikuwa la leseni ya kuendesha mabwawa ya umeme. Ya zamani iliisha mwaka 2006, na mpya ilidai mabwawa yajengewe njia za samaki kwa gharama kubwa, ilhali umeme wake haukufika asilimia 2 ya umeme wa kampuni iliyoyaendesha, PacifiCorp. Kuyaondoa kukaonekana nafuu kwa wateja. Bajeti ikawa dola milioni 450: milioni 200 kutoka kwenye bili za umeme, milioni 250 kutoka hatifungani za California. Mwaka 2024 mabwawa manne yalikuwa yameondolewa, na salmoni wakavuka yalipokuwa.

Wapo walioumia. Wenye nyumba kando ya ziwa la Copco, lililokuwa nyuma ya mojawapo ya mabwawa hayo, walibaki bila ziwa, na kaunti ya Siskiyou ilipinga mradi huo kwa miaka. Mhasibu anayeandika "uondoaji" kwenye daftari lake anawajibika kuwatengea na wao safu.