Kanivali ya Malta Ina Wenyewe

Kwa siku tano kabla ya Jumatano ya Majivu, mitaa ya Valletta hujaa ngoma, barakoa na magari ya mapambo. Msimu huo ukifika, wasimulizi huturudishia hadithi ileile: kanivali ni zawadi ya watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, waliofika Malta mwaka 1530. Heshima yao hatuwanyimi, maana fedha, farasi na majumba vilikuwa vyao. Lakini ukizisoma kumbukumbu kwa makini, utaona kuwa majina ya wakubwa huingia humo mara nyingi pale wanapokemea. Piero de Ponte, Mkuu wa Shirika la watawa hao, anatajwa mwaka 1535 kwa kuwaonya watawa wake waliopitiliza katika sherehe za mji wa Birgu. Aliwaachia michezo ya silaha tu, ile ya kuwaandaa kwa vita. Mtu hakemei jambo ambalo halijashamiri. Hata Mkuu Jean de Valette, shujaa wetu sote, mwaka 1560 aliruhusu barakoa zivaliwe na merikebu zipambwe wakati kundi la meli za kivita lilipokwama bandarini likingoja hali nzuri ya hewa. Watu wenye nguvu, wasio na kazi, na kanivali imewadia: angefanya nini kingine?

Kuna watakaopinga kwa kuitaja Parata, ile ngoma ya panga ya wavulana waliovaa kama Wakristo na Waturuki kuukumbuka Mzingiro Mkuu wa 1565. Wachezaji walikusanyika chini ya roshani ya kasri, wakasubiri Mkuu wa Shirika atoe idhini, na bila idhini kanivali haikuanza. Je, huo si ushahidi kwamba sherehe ilikuwa yake? Sioni hivyo. Ruhusa inayodaiwa hadharani mwaka baada ya mwaka, umati ukiwa umeshavaa na panga ziko mikononi, hugeuka kuwa deni la anayeitoa. Mkuu naye alikuwa na sehemu yake katika mchezo: kutokea, kukubali na kushangiliwa. Hivyo ndivyo ninavyoielewa pia kukkanja, iliyoletwa mwaka 1721 na Mkuu Marc'Antonio Zondadari, mkarimu ambaye jina lake lingali linatajwa kwa upendo. Mbele ya kasri lilisimamishwa jukwaa lililofunikwa matawi na kutundikwa mapaja ya nguruwe, soseji na wanyama hai. Ishara ilipotolewa watu walilivamia, na kila mtu alichofanikiwa kuondoka nacho kilikuwa chake. Ulikuwa ukarimu, ndiyo. Ila ukarimu wa mtawala aliyejua ni nani wenye uwanja siku ile.

Waliojaribu njia nyingine hawakufika mbali. Mwaka 1639 Mkuu Jean Paul Lascaris aliwakataza wanawake kuvaa barakoa, akapiga marufuku pia mavazi ya shetani. Lawama ziliwaangukia Wajesuiti, waliodhaniwa kumshawishi, kukawa na kutoelewana, na chuo chao kikapata hasara ambayo si lazima tuieleze hapa. Wamalta hadi leo humwambia mtu aliyenuna kwamba ana uso wa Lascaris. Gavana Mwingereza Patrick Stuart, Mprotestanti mwenye msimamo mkali, alizuia barakoa siku ya Jumapili mwaka 1846. Watu walitoka vilevile, wengine wakiwaigiza wachungaji wa Kiprotestanti, na siku ikaisha kwa vurugu kidogo. Mwaka uliofuata London ilimleta Richard More O'Ferrall, gavana Mkatoliki. Sidai kuwa kanivali peke yake ndiyo iliyomleta, lakini funzo lilieleweka.

Karne ya 20 na hii yetu inatosha kuzitaja kwa haraka: mashindano ya magari ya mapambo na ya ngoma, Mfalme wa Kanivali akitangulia, sheria ya 1936 iliyozuia kejeli za kisiasa, iliyoondolewa 2013, mwaka 2021 bila kanivali kwa sababu ya korona, na wakati wote huo prinjolata, ule mlima wa keki na lozi uliopambwa kwa cheri na chokoleti, pamoja na lozi za sukari ya rangi mifukoni mwa watoto. Mwenye shaka atasema serikali na kamati zimeshainyakua sherehe, na kwa Valletta ana hoja: ratiba, waamuzi na ruzuku ni mambo ya ofisi. Basi avuke hadi Nadur, kisiwani Gozo. Huko watu hujifunika mashuka na magunia, hawasemi neno wasije wakatambulika kwa sauti, nao huwakejeli wanasiasa na majirani bila kujaza fomu. Mwaka 2009 kijana mmoja alifikishwa mahakamani kwa kuvaa kama Yesu, na mjadala wa udhibiti wa sanaa ukapamba moto nchi nzima. Mwaka uliofuata Nadur walivaa tena.