Kitafunio cha Nani, Chakula cha Nani

Mwaka wa 1991 huko Uingereza, watu wazima wenye suti walikaa kwenye baraza la kodi kuamua kama Jaffa Cake ni keki au ni biskuti. Jaffa Cake ni kitu kidogo cha duara: chini keki laini, katikati jeli ya chungwa, juu chokoleti. McVitie's, wanaoitengeneza, walisema ni keki. Watu wa kodi wakasema ni biskuti. Hawakuwa wanabishania jina. Kwa sheria ya huko, keki haitozwi VAT, na biskuti ya kawaida pia haitozwi. Lakini biskuti iliyopakwa chokoleti inalipiwa kodi kamili, kwa sababu inahesabiwa kuwa anasa.

Baraza likapima kila kitu. Inauzwa kwenye rafu ya biskuti. Inaliwa kwa mkono kama biskuti. Lakini ukiiacha wazi inakauka na kuwa ngumu, ilhali biskuti ukiiacha wazi inalegea. Keki ikashinda kesi.

Stori hii inasimuliwa sana kwa sababu inachekesha. Mimi inanivutia kwa sababu nyingine. Serikali ilikuwa imechora mstari: upande huu chakula, upande ule starehe. Sasa fuatilia vitafunio vinavyopendwa katika nchi mbalimbali, uone kama mstari huo umewahi kutulia mahali pamoja. Biskuti ileile hapa inaliwa na mtu ambaye ameshiba, na pale ndiyo mtu amekula asilale njaa. Mfuko ndio unausogeza.

Tuanze baharini. Neno "biskuti" lina mizizi kwenye Kilatini, na maana yake ni kitu kilichookwa mara mbili. Kilirudishwa jikoni ili maji yote yatoke, kisioze. Utamu haukuwa kwenye hesabu. Baharia wa jeshi la majini la Uingereza, karne ya 18, alikuwa anapewa karibu nusu kilo ya biskuti kwa siku. Ilikuwa unga na maji, ngumu kama kigae, na kabla ya kula aliigonga mezani ili fukusi watoke. Huyo ndiye babu wa kila biskuti iliyo kwenye duka la mtaa wenu. Alikuwa chakula kamili, na kibaya.

Kilichomgeuza kuwa kitu cha kutabasamia ni sukari, na sukari hiyo ililimwa na Waafrika waliofanywa watumwa kwenye visiwa vya Karibi. Bei yake ilipoendelea kushuka Ulaya, na mashine zikaja karne ya 19, biskuti tamu ikaanza kutoka viwandani kwa wingi. Huntley & Palmers ya mji wa Reading ilianza mwaka wa 1822 kama duka la mikate la Joseph Huntley. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa imeajiri maelfu ya watu, na makopo yake ya bati yalikuwa yanazunguka dunia pamoja na wanajeshi na wamishonari. Mahali bendera ya Uingereza ilifika, kopo la biskuti halikuwa mbali.

Sasa mfuate mwanadada mmoja anayeitwa Marie. Mnajuana. Ni ile biskuti ya duara, nyembamba, yenye matundu na jina lake limeandikwa katikati. Mwaka wa 1874 binti wa mfalme wa Urusi, Maria Alexandrovna, aliolewa na Alfred, mtoto wa Malkia Victoria. Kiwanda cha Peek Freans cha London kikaoka biskuti ya kuadhimisha harusi hiyo. Huwezi kupata kitafunio chenye ukoo wa juu kuliko huo: tsar upande mmoja, malkia upande wa pili.

Halafu Marie akahamia Uhispania, maisha yakabadilika. Huko anaitwa María. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939 viliiacha nchi hiyo ikiwa hoi, na miaka iliyofuata ikawa ya njaa na ya chakula cha mgao. Baadaye, ngano ilipoanza kupatikana tena, viwanda vilioka María kwa wingi, na biskuti ya harusi ya kifalme ikawa kifungua kinywa cha watoto wa nchi nzima, imechovywa kwenye maziwa. Kuna mji mdogo wa kaskazini, Aguilar de Campoo, ambao ulijulikana kwa harufu ya biskuti iliyokuwa inatoka viwandani na kujaa barabarani. Muulize Mhispania mzee kuhusu María, hatakutajia Urusi. Atakutajia mama yake na kikombe.

Uhindini stori ni hiyohiyo, ila na hasira kidogo ndani. Chini ya ukoloni, biskuti nzuri ilikuwa ya Mwingereza na ya Mhindi mwenye pesa, na ililiwa na chai ya saa kumi. Mwaka wa 1929 familia ya Chauhan ilianzisha kiwanda cha peremende eneo la Vile Parle, Mumbai. Miaka kumi hivi baadaye wakaanza kuoka biskuti ya glukosi ambayo mtu wa kawaida angeweza kununua. Waliipa jina Parle Gluco. Miaka ya 1980, baada ya kuigwa na kila mtu, ikawa Parle-G.

Parle-G haina krimu, haina chokoleti. Ni mstatili wa ngano, sukari na mafuta, na ukiichovya kwenye chai sekunde moja zaidi unaipoteza. Lakini imekuwa miongoni mwa biskuti zinazouzwa zaidi duniani, na siri yake haiko kwenye ladha. Kwa miaka mingi bei ya pakiti ndogo haikuguswa. Kilichoguswa ni uzito. Gharama ikipanda, pakiti inapungua gramu chache, na mteja anatoa sarafu ileile aliyozoea. Mwaka wa 2020 India ilipofungwa kwa sababu ya korona, vibarua wengi walitoka mijini wakirudi vijijini kwa miguu, mamia ya kilomita, na wengi walikula Parle-G njiani. Kampuni ilitangaza kwamba mauzo ya miezi hiyo hayakuwa yameonekana kwa miongo kadhaa. Unaweza kuisoma hiyo kama habari njema ya biashara. Mimi naisoma kama idadi ya watu ambao siku hizo hawakuwa na sufuria.

Marekani nao wana yao. Mwaka wa 1917 kiwanda cha Chattanooga, Tennessee, kilianza kuuza MoonPie: biskuti mbili zilizobana krimu nzito, zikazamishwa kwenye chokoleti. Inasemekana wazo lilitoka kwa wachimba makaa ya mawe waliotaka kitu cha kushibisha kwenye mapumziko. Iliuzwa senti tano. Kusini mwa Marekani, MoonPie na soda ya RC Cola vilipata jina la utani: chakula cha mchana cha mfanyakazi. Lilikuwa jina la utani, ndiyo, lakini pia lilikuwa maelezo sahihi.

MoonPie ina jamaa yake Korea Kusini, Choco Pie, ambayo kampuni ya Orion inaitengeneza tangu 1974. Huko Kusini ni kitafunio cha mtoto wa shule na cha mwanajeshi kambini, basi. Lakini mwaka wa 2004 Korea zote mbili zilifungua eneo la viwanda Kaesong, upande wa Kaskazini. Makampuni ya Kusini yaliajiri wafanyakazi wa Kaskazini, na mishahara ikawa inapitia kwa serikali yao. Mwenye kiwanda hakuruhusiwa kumpa mfanyakazi marupurupu ya pesa mkononi. Basi akampa Choco Pie. Wafanyakazi wengi hawakuzila. Walizibeba nyumbani, zikauzwa sokoni, na kitu cha kutafuna kikawa mshahara. Kufikia 2014 serikali ya Kaskazini ilikuwa imetaka zikomeshwe. Fikiria hilo: serikali yenye jeshi kubwa kama lile, inaogopa keki ya kwenye karatasi.

Tukirudi nyumbani, watu watakuambia kitafunio chetu ni mandazi na chai, na watakuambia kama kwamba tulizaliwa navyo. Pwani, sawa, mahamri ya tui na iliki yana ukoo mrefu wa biashara ya Bahari ya Hindi. Lakini chai ilipandwa Limuru mwaka wa 1903, na kampuni ya Unga ilianzishwa na Lord Delamere mwaka wa 1908 kusaga ngano ya walowezi. Vyote viwili viliwekwa ardhini kwa faida ya wengine. Mwafrika wa bara alikutana navyo akiwa kibarua: shambani, kwenye reli, kwenye jikoni la mzungu. Kwamba leo kikombe cha chai na mandazi mbili ndiyo picha ya ukarimu wetu, hiyo ni kazi iliyofanywa na watu wetu wenyewe, hasa wanawake, kwenye jiko la makaa na karai la mafuta.

Biskuti ya kiwandani ina jina kwenye historia yetu. Madatally Manji, aliyejenga House of Manji, aliacha kitabu cha maisha yake, *Memoirs of a Biscuit Baron*, kilichotoka 1995. Ni sawa, alifanya kazi. Lakini mama wa mandazi wa stage hana kitabu, na ndiye amelisha Nairobi zaidi. Saa kumi na moja asubuhi ameshakanda. Saa nne, chai ya saa nne inapofika, mtu wa mjengo anachukua mbili na turungi. Huyo mtu hatafuni akisubiri lunch. Hiyo ndiyo lunch. Nikiwa chuo, kabla niache, nilijua watu wazima na akili zao ambao pakiti ya biskuti ya mbao ilikuwa chakula cha jioni kuanzia wiki ya tatu ya mwezi. Hakuna aliyeiita anasa.

Na zile hesabu za Parle-G tunazijua bila kufundishwa. Mandazi ya kumi bado inaitwa ya kumi. Iangalie vizuri tu. Mama hajakuibia. Unga umepanda, mafuta yamepanda, na wewe huna kumi na tano. Mlikubaliana kimya kimya kwamba kitakachopungua ni mandazi.

Ndiyo maana Muswada wa Fedha wa 2024 uliuma pale ulipouma. Ulikuwa na mambo mengi, lakini moja ambalo kila mtu alilielewa bila kuelezwa ni VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Aliyeandika kifungu kile alikuwa amesogeza mstari kwa kalamu: mkate, toka upande wa chakula, njoo huku. Kelele zilianza mapema na pendekezo hilo likaondolewa tarehe 18 Juni. Lakini watu walikuwa wameshaona jinsi wanavyoonekana kutoka juu. Tarehe 25 vijana walijaa barabarani, wengine wakaingia Bungeni, na kuna waliopigwa risasi ambao hawakurudi nyumbani. Siku iliyofuata Rais alikataa kutia saini muswada wote.

Sisemi watu walikufa kwa ajili ya mkate peke yake. Nasema ukitaka kujua nchi inawaona vipi watu wake, angalia inakiita nini kile wanachokula saa nne. Baraza la Uingereza lilipima ukavu, ukubwa, rafu, vidole. Swali moja halikuhitajika siku ile, kwa sababu kwa Jaffa Cake jibu lake halingebadilisha kitu. Kwa María, kwa Parle-G, kwa mandazi ya kumi, ndilo swali la kwanza: baada ya hiki, huyu mtu atakula nini tena leo?