Kiooni Pana Ukungu au Mna Ukungu?

Juni na Julai, Mbulu mjini, kazi ya kwanza ya asubuhi ni kufuta dirisha kwa kiganja ili ujue kama ng'ombe wa jirani wameshatoka. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake huingia mpaka chini ya blanketi. Kule Katesh, mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, huweza kushinda umejitanda wingu kama bibi aliyejitanda shuka. Nimeishi katika hewa hiyo miaka mingi nikifundisha Kiswahili, nayo imenifanya niyapende maneno ya maji yasiyo mvua.

Umande ni wa majani. Asiyesoma tunasema alikimbia umande, na watoto wa Dongobesh wanaofika shuleni soksi zimelowa hawahitaji kufafanuliwa msemo huo. Mvuke ni wa sufuria. Lakini ukungu ndilo neno linaloninyima usingizi, maana lina watoto wawili. Bonde limetanda ukungu. Mkate umeota ukungu. Jina ni lilelile, kinachowatenganisha ni kitenzi.

Dirisha la nyumba ya baridi huwakutanisha wote wawili. Usiku watu sita wamelala chumbani, chai imechemka, nguo zimeanikwa ndani kwa sababu nje hazikauki. Hewa iliyobeba unyevu ikigusa kioo baridi, unyevu hugeuka vitone vidogo mno: ukungu umetanda. Vitone hukua, hushuka, hutuama juu ya fremu. Baada ya majuma kadhaa, pembeni mwa kioo, pale ambapo mbao inakutana na ukuta, huonekana madoa meusi yenye harufu ya gunia la zamani: ukungu umeota. Wa kwanza amemzaa wa pili. Dawa ya yule anayetanda ni kufungua dirisha kidogo kila asubuhi hewa ipite. Yule anayeota hasikii hewa peke yake, sharti asuguliwe.

Wakulima walishaachana na utata huu. Mwaka 2016 watu walipofariki Dodoma na hapa Manyara kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu, neno sumukuvu lilisambaa mpaka vijijini. Kuvu ni yule anayeota, hana uhusiano na bonde wala wingu. Ningependa mafundi wa nyumba nao walichukue neno kuvu.

Sasa kuna dirisha lililonifanya niandike haya. Ndugu yangu, aliyeishi Ulaya miaka mingi, alikuja na madirisha ya kule kwa ajili ya nyumba yake: kioo mbele, kioo nyuma, katikati nafasi nyembamba iliyofungwa kabisa. Msimu mmoja wa baridi yakaingia ukungu usiotoka hata saa nane mchana. Tukamwita fundi wa aluminiamu, kijana niliyemfundisha. "Shikamoo mwalimu," akasema, akatoa kitambaa, akafuta upande wa ndani, akatoka nje, akafuta na kule. Ukungu ukabaki palepale. "Mwalimu, huu haufutiki. Uko kwenyewe."

Kwenyewe wapi? Hapo ndipo tulipokwama. Ukisema dirisha la vioo viwili, fundi wa Katesh ataelewa slaidi, kioo kimoja kikipita mbele ya kingine. Kioo pacha nacho kinaleta picha ya watoto waliokaa ubavu kwa ubavu. Mimi napendekeza neno la fundi cherehani: kioo cha bitana. Koti lenye bitana halikupi joto kwa kitambaa tu, hewa iliyonaswa kati ya vitambaa viwili inasaidia. Kioo hiki nacho hufanya vivyo hivyo. Pembezoni mwake umezunguka ukanda mwembamba wenye punje za kunyonya unyevu, ndugu wa zile za kifuko unachokikuta ndani ya boksi la viatu vipya. Gundi ya pembeni ikichoka, hewa yenye unyevu hupenya. Punje zikishiba, ukungu hutanda mahali ambapo hakuna kitambaa kitakachofika. Fremu haina kosa. Kinachobadilishwa ni kioo chenyewe na bitana yake.

Na mahali penyewe panatajika kwa Kiswahili chepesi kabisa. Huku bara tumezoea "kuna" kwa kila kitu, tukawasahau ndugu zake wawili, "pana" na "mna". Ukungu ukifutika kwa mkono, kiooni pana ukungu: fungua dirisha, nyumba ipumue. Usipofutika ndani wala nje, kiooni mna ukungu: mwite fundi, aje na vipimo. Silabi moja imetosha kuamua kama utatumia kitambaa au fedha.

Nilimweleza yule kijana hivyo, akarudia polepole, "Mna ukungu," kisha akatoa futi yake akaanza kupima.

Walimu wenzangu wa Mbulu na Hanang, somo la mahali msilifundishe kwa ubao peke yake. Ngojeni asubuhi ya baridi, wasimamisheni watoto mbele ya dirisha, waseme wenyewe: kiooni pana ukungu, darasani mna wanafunzi, kule mlimani kuna wingu.